Nimekabidhiwa ziara ya darasa la nne makumbusho ya sayansi, naomba mnikosoe ratiba yangu

ChakiNyeupe (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kikao cha walimu kimeisha jana na mzigo umeniangukia mimi: watoto 68 wa darasa la nne, mikondo miwili, tunawapeleka makumbusho ya sayansi wiki sita zijazo. Kwa basi ni mwendo wa saa moja na nusu. Kufundisha nimefundisha miaka tisa, ila msafara sijawahi kuuongoza. Siku zote nilikuwa yule mwalimu wa kiti cha nyuma anayeshika mifuko ya kutapikia.

Rasimu yangu iko hivi. Tunafika saa nne asubuhi, tunaondoka saa nane. Kumbi ziko saba, kila ukumbi dakika 25, chakula nusu saa. Kila mtoto anapewa karatasi ya maswali 40 ambayo nimeyatunga kwa kusoma tovuti ya makumbusho yenyewe, na atakayerudi na majibu yote anapewa alama. Mkuu wa shule anataka ushahidi kwamba tumekwenda kusoma, si kutembea.

Nikosoeni kabla sijaipeleka mezani kwake. Msinionee huruma.

KapiNaKamba

Maswali 40! Hao watoto wanakwenda makumbusho au wanakwenda kukaguliwa? Navuta kiti, ngoja wenyewe waje.

BibiDarubini

Mwanangu Chaki, nimekuwa mwongozaji kwenye makumbusho ya sayansi miaka 14 kabla ya kustaafu. Umesema usionewe huruma, basi.

Tuanze na hesabu. Kumbi saba kwa dakika 25 ni dakika 175. Ongeza chakula, 205. Katika saa zako nne umebakiwa na dakika 35. Watoto 68 kushuka kwenye basi, kupanga mistari, kuweka mabegi, kwenda msalani na kusikiliza maelezo ya mlangoni ni nusu saa nzima hata wote wakiwa malaika. Ratiba yako imechelewa kabla hujaingia ukumbi wa kwanza, na kuanzia hapo kutwa utakuwa unapiga makofi na kusema "haya twende, haya twende". Nimelisikia neno hilo mpaka nikaliota.

Sasa karatasi. Nikwambie alichokuwa akikiona mtu anayesimama pembeni kila siku. Mtoto anaingia, kifaa hakitazami, anatafuta kibao cha maelezo. Msomaji hodari anasoma, kumi wanamzunguka wananakili, halafu wote mbio kwenye kibao kinachofuata. Tulikuwa na pendulamu ndefu iliyoning'inia toka darini, ile inayoonyesha kwamba dunia inajizungusha. Nimeshuhudia watoto wakijibu swali "pendulamu hii inathibitisha nini?" huku wameipa mgongo.

Na pendulamu hiyo ndiyo itakayokuonyesha kwa nini dakika 25 za mfululizo hazifai. Mwanafizikia Léon Foucault aliionyesha hadharani Paris mwaka 1851, ndani ya jengo la Panthéon, tufe la kilo 28 kwenye waya wa mita 67. Ukiikodolea macho dakika mbili huoni lolote ila kitu kizito kinakwenda na kurudi. Utamu wake uko kwenye kuondoka na kurudi. Aghalabu huwekewa duara la pini zilizosimamishwa. Waonyeshe watoto pini iliyo karibu kuangushwa, nendeni kwingine, mrudi baada ya saa moja na zaidi. Kule Paris mstari wa mwendo wake unasogea nyuzi 11 hivi kwa saa. Mtoto akikuta pini kadhaa zimelala na hakuna aliyepita hapo, swali litamtoka mwenyewe, hutahitaji kumtungia. Ratiba ya kupita kila ukumbi mara moja inaliua swali hilo.

Kwa hiyo chagua vitu vitatu, vikizidi vinne. Sikusema kumbi, nimesema vitu. Na nenda kwanza peke yako bila watoto, siku ya shule, ili uone msongamano wake. Usiitegemee tovuti. Kifaa kilichopigwa picha nzuri kinaweza kuwa kimefunikwa turubai miezi mitatu kinasubiri fundi.

MzeeWaDaftari

Bibi Darubini, shikamoo. Nakuheshimu lakini hapa nakupinga.

Nina miaka 22 darasani. Nimeshapeleka watoto ziara isiyo na karatasi. Walichorudi nacho ni habari za nani alilala kwenye basi na nani alinunua nini dukani. Mzazi aliyejinyima akatoa mchango anamwuliza mwanawe jioni "umejifunza nini?", mtoto anajibu "kulikuwa kuzuri". Mzazi huyo mwakani hatoi. Karatasi ndiyo kamba ya mbuzi. Ikateni, halafu msishangae mbuzi akionekana shamba la jirani. Maswali 40 ni mengi, nakubali. Lakini sifuri siyo jibu.

BibiDarubini

Marahaba Mzee. Kamba sawa, ila hii ya maswali 40 imemfunga mbuzi miguu yote minne.

Unajua Exploratorium, makumbusho ya sayansi ya San Francisco, Marekani? Ilifunguliwa mwaka 1969 na Frank Oppenheimer, mwanafizikia ambaye kabla ya hapo aliwahi kufundisha shule ya sekondari. Vifaa vingi pale vimewekwa vishikwe na vizungushwe. Yeye alishikilia kwamba hakuna mtu aliyewahi kufeli makumbusho, na hiyo ndiyo tofauti yake na shule. Mwalimu anapoleta mtihani ndani ya jengo lile anawanyang'anya watoto kitu pekee ambacho darasani hawakipati.

UsikuNaKitabu

Naomba niingie katikati ya wakubwa. Nafundisha chuo cha ualimu, na jambo hili lina watu walioliangalia kwa miaka mingi.

Mwaka 1978 John Falk na wenzake, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu watoto waliopelekwa kujifunza nje ya shule. Ambao mahali pale hapakuwa pageni kwao walishika somo. Ambao kila kitu kilikuwa kipya, akili yao ilikwenda kwenye kupazoea mahali, somo likapita pembeni. Ukifikiri utaona ni jambo la kawaida tu. Mtoto hawezi kukusikiliza ukieleza msuguano wakati hajui choo kiko upande gani.

Utafiti mwingine, ambao Falk alikuwamo pia, ulifanyika kwenye bustani ya wanyama. Kundi moja la watoto liliandaliwa kabla kwa kufundishwa mada. Jingine liliambiwa yale ambayo watoto huwaza kimoyomoyo: tutafikaje, tutakula wapi, tutaona nini, kuna duka au hakuna. Hili la pili ndilo lililofanya vizuri, na si kwenye kukumbuka mazingira tu, hata kwenye somo lenyewe. Mimi tangu nisome hayo, kila mwanachuo wangu namlazimisha aandae kipindi kizima cha "siku yenyewe itakuwaje" kabla ya ziara. Mchoro wa jengo ubaoni, mlango huu, vyoo hivi, hapa tunakula, dukani tunakwenda mwishoni na tutakaa dakika kumi. Ukiwaambia lini wataingia dukani wanaacha kukuuliza.

Kuhusu "kulikuwa kuzuri" ya Mzee Daftari: mwaka 1997 Falk na Lynn Dierking waliwahoji watu 128, watoto na watu wazima, kuhusu ziara walizokwenda wakiwa madarasa ya chini. Asilimia 96 waliweza kuikumbuka angalau ziara moja. Kwa hiyo jibu la jioni ile sebuleni si kipimo cha kilichobaki kichwani. Ila nikiri kwamba kukumbuka si kuelewa, na hapo hoja ya Mzee bado imesimama.

MamaPacha

Nachungulia kama mzazi. Mmoja wa mapacha wangu ana kifafa, na ziara ya mwaka jana niliambiwa siku moja kabla "labda abaki nyumbani, kuna taa zinazomweka". Alilia mpaka akalala. Mwalimu Chaki, tafadhali, hayo mambo uliza mapema, usiyagundue mlangoni.

BibiDarubini

Asante Mama Pacha, hili tulipaswa kulianza.

Chaki, ukienda ile safari yako ya peke yako waombe orodha ya sehemu zenye taa za kumweka, giza, sauti kubwa na sakafu zinazotikisika. Si kila mwenye kifafa anaathiriwa na taa, kwa hiyo mzazi ndiye wa kukwambia, na daktari wake. Mara nyingi ni chumba kimoja tu katika jengo zima. Mtoto huyo anapita kingine na kundi lake lote, asitengwe peke yake na mwalimu mmoja kama mgonjwa.

Ile mashine ya Van de Graaff, tufe la chuma linalosimamisha nywele, haifai kwa mwenye kifaa cha moyo au kipandikizi cha kusikia. Vifaa vyenye sumaku kubwa vilevile. Waongozaji hutangaza, lakini mtoto wa miaka kumi akishaona nywele za mwenzake zimesimama hasikii tangazo lolote. (Siku za unyevunyevu haifanyi kazi vizuri kwa sababu unyevu unaoganda juu ya mashine unavujisha chaji, kwa hiyo msiwaahidi.)

Mwenye pumu, dawa yake iwe kwa mtu mzima wa kundi lake, isiwe kwenye sanduku la huduma ya kwanza ndani ya basi lililoegeshwa mtaa wa pili. Mwenye kitimwendo, usiulize "mna lifti?" Watasema ipo. Uliza "lifti inafanya kazi, na inafika ukumbi huu ninaoutaka?" Halafu ipande mwenyewe.

Ukumbi wa nyota nao: gizani, viti vimelala, milango ikishafungwa mara nyingi haifunguliwi ovyo. Msalani kwanza, wote, hata anayeapa kwamba hana haja.

HesabuVichwa

Nimesoma kimya mpaka hapa, sasa niwape kisa changu mjifunze bure.

Miaka kadhaa iliyopita niliongoza watoto 41. Nilijivuna kwa kuhesabu. Kupanda basi 41, kushuka 41, kabla ya chakula 41. Jioni nikahesabu mara mbili, 41, nikamwambia dereva twende. Tumekwenda kama dakika kumi, sauti ndogo ikatoka nyuma: "Mwalimu, mimi siyo wa shule hii."

Sweta za shule mbili zilikuwa rangi moja. Mtoto wa watu alifuata rangi akapanda basi letu. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa! Wa kwetu alikuwa amekaa ngazini makumbusho anatusubiri, anakula biskuti aliyopewa na mlinzi, hana hata wasiwasi. Mimi ndiye niliyezeeka miaka mitano siku hiyo.

Tangu hapo sihesabu vichwa, jina langu hapa linanisuta tu. Tunaita majina. Na hatuiti 68 kwa pamoja. Kila mtu mzima ana watoto wake sita au saba, anawajua kwa sura na majina tangu wiki moja kabla, na ana orodha yao mfukoni. Wakati wa kuondoka mimi namwuliza kila msimamizi "wako wote wapo?", anajibu kwa kuwa amewaona usoni. Uingereza mwongozo wa serikali wa mwaka 1998 ulipendekeza mtu mzima mmoja kwa watoto 6 wa madarasa matatu ya mwanzo, na mmoja kwa 10 hadi 15 kwa darasa la nne hadi la sita. Kwa umri wa watoto wako hiyo 15 mimi siigusi, si ndani ya jengo lenye ghorofa na milango mitano. Saba ndio mwisho wangu.

Jambo jingine dogo: majina ya watoto yasibandikwe kifuani. Mgeni yeyote akisoma jina anaweza kumwita mtoto kana kwamba anamjua. Weka jina la shule na namba ya simu ya msimamizi, basi.

KapiNaKamba

"Mwalimu, mimi siyo wa shule hii" 😂😂 nimecheka mpaka chai imenitoka puani. Pole mkuu.

ChakiNyeupe

Nimekaa na uzi huu usiku kucha. Nimeichana karatasi ya maswali 40. Kweli nimeichana, kwa mikono.

Jumamosi... samahani, Ijumaa niliomba ruhusa nikaenda mwenyewe. Bibi, ulivyosema ndivyo. Ukumbi wa mawimbi ya sauti niliokuwa nauringia umefungwa. Lifti ipo ila haifiki mezanini, ile ghorofa ndogo ya kati, na nina mtoto mmoja wa kitimwendo. Lakini nimekuta pendulamu yenye pini! Nimekaa hapo saa nzima kama mtoto.

Nimechagua vitatu, vyote viko chini: pendulamu, vivuli vya rangi, na viti vya kapi ambavyo unajivuta mwenyewe juu. Wasimamizi nimepata kumi, wazazi wakiwemo. Maswali yaliyobaki: (1) watoto wakae makundi ya marafiki au niwachanganye? (2) kuna watano hawajatoa mchango. (3) mkuu wa shule bado anataka ushahidi.

HesabuVichwa

(1) Wachanganye, lakini kila mtoto awe na rafiki mmoja kundini. Marafiki watano pamoja hawasikii la mtu. Mtoto asiye na rafiki hata mmoja naye haoni kifaa, anaona upweke wake.

(2) Hakuna mtoto anayebaki kwa sababu ya mchango, na wenzake wasijue. Uliza makumbusho kama wana nafasi za bure kwa shule, nyingi huwa nazo na hazitangazwi sana. Ikishindikana gawa gharama upya kabla ya kuwatangazia wazazi, si baada.

MzeeWaDaftari

(3) niachie mimi, maana ndiye niliyeshupalia karatasi.

Nimetafakari. Kamba inabaki, ila ndefu. Mpe kila mtoto nusu karatasi, ngumu, na penseli iliyofungwa uzi. Upande mmoja achore kifaa kimoja alichokichagua mwenyewe, na mshale kuonyesha kinachosogea. Mchoro unamlazimisha mtoto kutazama. Huwezi kunakili mchoro wa jirani bila kukitazama kitu chenyewe angalau mara moja. Upande wa pili kuna mstari mmoja tu: "Jambo ambalo bado silielewi ni..." Hakuna alama. Mkuu wako akiona maswali 68 ya watoto wenyewe ukutani atakuwa na ushahidi kuliko majibu 40 yanayofanana.

Na isitoke mfukoni mwa msimamizi mpaka nusu saa ya mwisho. Kwanza mikono, kalamu baadaye.

BibiDarubini

Mzee, hapo umenifunga mdomo. Laiti ungekuwa unatuletea watoto wako kwetu enzi zile.

Neno kwa wale wasimamizi kumi. Mtu mzima akiulizwa na mtoto "kwa nini?" hukimbilia kusoma kibao kwa sauti ya kutangaza habari. Waambie wafanye moja tu: warudishe swali. "Ukisogea nyuma inakuwaje? Ukivuta kamba nyingine je?" Asiyejua sayansi ndiye msimamizi bora, kwa sababu anashangaa pamoja nao. Wenye shahada ndio walionisumbua zaidi.

KapiNaKamba

Sasa nami nichangie, nisije nikaonekana nimekuja kucheka tu. Jina langu lina sababu.

Wiki moja kabla fanya darasani mchezo wa mifagio miwili. Watoto wawili wenye nguvu washike kila mmoja mti wa fagio, wasimame wakitazamana, miti ikae sambamba. Funga kamba kwenye mti mmoja, izungushe kwenda na kurudi kwenye miti yote miwili mara nne hivi. Sasa mwite mtoto mdogo kuliko wote darasani avute ncha ya kamba, huku wale wawili wakijitahidi kuitenganisha miti. Mdogo atawashinda. Kila mzunguko unaongeza nguvu ya mvuto, ila atavuta kamba ndefu ili miti isogee kidogo tu. Tahadhari vidole visiwe kati ya miti, na kamba iwe laini, la sivyo msuguano utaharibu mchezo.

Usieleze lolote. Waache na deni. Wakifika kwenye viti vya kapi wataanza kuhesabu kamba wenyewe.

Vivuli vya rangi usiviandae. Vile viwakute hawajui.

ChakiNyeupe

Wakuu, tumerudi. Jana. Watoto 68 wa kwetu, na hakuna wa mtu mwingine, Hesabu Vichwa usiwe na shaka.

Yaliyoharibika kwanza. Basi la pili lilichelewa dakika 40, kwa hiyo mkondo mmoja ulianza peke yake. Ile ratiba yangu ya zamani ingekufa hapohapo, hii ya vitu vitatu haikutetereka, tulibadilishana zamu tu. Msimamizi mmoja alitumia nusu ya muda akiwapiga picha watoto wake na kuwaambia wasimame vizuri. Watoto wawili walitapika, wote wa basi moja. Duka lilitushinda, dakika kumi zikawa ishirini na tano, na mmoja alilia kwa sababu kifutio chenye umbo la roketi kiliisha.

Sasa mifagio. Kundi la kwanza lilipofika kwenye viti vya kapi, binti mmoja aliyekuwa "mdogo kuliko wote" siku ile darasani alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chenye kamba nyingi. Sikumwambia. Alijivuta juu, akawatazama wenzake waliochagua kiti cha kamba moja wanahangaika, akasema, "Mimi nanyanyuka taratibu, lakini nanyanyuka." Nimeliandika hilo neno kwa neno.

Vivuli ndivyo vilivyotuteka. Taa tatu, nyekundu, kijani na buluu, ukuta mweupe. Nilipanga dakika 20, kundi moja lilikaa 50 na nikamzuia msimamizi asiwaondoe. Walikuwa wanafungia taa moja moja kwa mkono. Kijana mmoja ambaye darasani hunyanyua mkono mara moja kwa muhula alinivuta shati: "Mwalimu, kivuli changu ni cha manjano. Taa ya manjano iko wapi?" Nikarudisha swali kama Bibi alivyotufundisha, ingawa ulimi ulikuwa unaniwasha. Ilimchukua kama dakika kumi kugundua kwamba mahali mwili wake unapozuia taa ya buluu, nyekundu na kijani ndizo zinazofika ukutani, na hizo mbili zikikutana macho yanaona manjano. Halafu akawa mwalimu wa ukuta ule mpaka tukaondoka. Aliwaonyesha hata watoto wa shule nyingine.

Pendulamu tuliitazama mara mbili, tulipofika na kabla ya kuondoka. Pini tatu zilikuwa zimelala. Hapo ndipo nilipokwama, na ndiyo sababu nawaandikia leo badala ya kulala. Kwenye nusu karatasi, upande wa "bado silielewi", mtoto mmoja ameandika hivi: "Mwongozaji amesema pendulamu ikipelekwa ikweta haigeuki. Lakini ikweta ndiyo inayokwenda kasi kuliko kote. Mbona isigeuke zaidi?"

Bibi, nifanyeje? Sina jibu, na Jumatatu atauliza.

UsikuNaKitabu

Darasa la nne? Mimi wanachuo wangu hawajawahi kuniuliza hilo.

BibiDarubini

Mwanangu, miaka 14 na swali hilo nililipata kutoka kwa watu wazima wawili tu.

Chukua mpira na vibonzo viwili vya karatasi, virefu kama kidole, kila kimoja kinyooshe mkono mmoja mbele. Bandika kimoja kimesimama juu kabisa, kwenye ncha, na kingine kimesimama kiunoni mwa mpira. Sasa uzungushe mpira taratibu. Mwambie mtoto asiangalie nani anasafiri mbali, aangalie nani anajigeuza kama pia, kile kichezeo cha kuzungusha. Wa juu hasafiri kokote, lakini anajipindua papo hapo mzunguko mzima. Wa kiunoni anabebwa safari ndefu kuzunguka mpira, ila sakafu aliyoikanyaga haijipindui chini ya miguu yake kama pia hata kidogo. Pendulamu haijali kasi unayobebwa nayo. Inaonyesha kujipindua kwa sakafu tu. Ndiyo maana kwenye ncha za dunia inamaliza duara kwa siku moja hivi, Paris karibu saa 32, na ikweta haimalizi kamwe.

Lakini usimwambie wewe. Mpe mpira.

ChakiNyeupe

Nimejaribu usiku huu mezani kwangu na mpira wa mwanangu. Kibonzo cha kiunoni kilianguka mara tatu, gundi ilikuwa mbovu. Mara ya nne nikaona.

MzeeWaDaftari

Chaki, naomba unitumie ile nusu karatasi kama ulivyoichapisha. Darasa langu la tano wamesikia habari za kivuli cha manjano kwa wadogo zao na tangu asubuhi hawanipi nafasi ya kufundisha.